Fundi Marumaru Asiyepiga Magoti

Saa mbili asubuhi upepo wa Ihumwa, pembezoni mwa Dodoma, umeshaingiza vumbi ndani ya nyumba mpya isiyo na milango. Bartolomayo Ndahani ameketi sakafuni juu ya kiroba kilichojazwa matambara. Mguu wa kushoto ameukunja, wa kulia ameunyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Anapaka saruji ya kubandikia kwa mwiko, analaza kigae, anakigonga pembe zote kwa nyundo ya mpira, anaweka pimamaji. Kisha anajivuta nyuma kwa makalio, anakivuta na kiroba, anaivuta na ndoo.

Chumba cha pili wapo mafundi wenzake. Wao wamepiga magoti, kama kazi yenyewe inavyotaka, na wameshakaribia mlango. Yeye hata katikati hajafika.

"Ukinikuta hivi utasema huyu mvivu," anasema bila kuinua macho. "Kazi hii ni ya watu wenye magoti, ndugu yangu. Mimi nimebakiwa na moja."

Ana miaka thelathini na sita, na karibu nusu ya hiyo ameimalizia juu ya sakafu za watu. Tangu Serikali ihamie Dodoma nyumba zimeota kila kona, na kila nyumba inataka marumaru. Wakubwa wanahamia, wanaingia na viatu, hawajui nani alipita hapo akitambaa.

"Nyumba za watu nimezipigia magoti kuliko kanisani," anatania. Halafu ni kama amesikia alichokisema mwenyewe. Anachota saruji nyingine.

Ukimtazama usoni hutamjua. Ana sura ya mcheshi, na mafundi wenzake wanamwita Beki, jina la uwanjani lililomfuata hadi kazini. Ni pale anapotaka kusimama ndipo unapojua. Anashika dirisha, anajikaza, anainuka nusu, goti linakwama. Anasubiri hapo, nusu amesimama nusu ameinama, jasho linamtoka, mpaka kitu ndani kijiachie. Hakuna anayemsaidia. Walishajaribu akawafokea.

Zamani kidogo, na zamani yenyewe ni mwaka juzi tu, sebule ya kawaida aliimaliza kwa siku mbili. Alilipwa shilingi elfu saba kwa mita ya mraba, na simu haikuacha kuita. Leo sebule ileile inamla wiki nzima.

Hanif, mwenye duka la marumaru mjini ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akimwelekeza kwa wateja, haoni haya kusema ukweli. "Bartolomayo ni fundi wangu namba moja, mkono wake msafi," anasema akiwa nyuma ya kaunta yake. "Lakini mteja akishanunua mzigo anataka kuhamia. Nimwambie nini? Nimwambie subiri, fundi wangu anatandika amekaa? Roho inaniuma, lakini mteja haniulizi roho."

Siku hizi Hanif humpa kazi ndogondogo: bafu, jiko, kibaraza. Nyumba hii ya Ihumwa amepata chumba kimoja tu, tena kwa kuombewa.

Yote yalianza kwa mpira, na mpira wenyewe si wa maana sana. Ilikuwa mechi ya mtaa kwa mtaa, uwanja mkavu, mawe madogo yamejaa. Bartolomayo alikuwa beki wa kulia. Mshambuliaji alimpita, yeye akageuka amfukuze. Mwili uligeuka, mguu ukabaki pale pale.

"Nilisikia ndani kama mtu amevunja kijiti cha kuni," anasema. "Hakuna aliyenigusa. Refa hata hakupiga filimbi."

Goti lilivimba likawa kama boga. Wakampeleka kwa mzee mmoja anayechua, mtu maarufu kwa mikono yake. Maji ya moto, samli, kuvuta, kukanda. Uvimbe ulipungua na Bartolomayo akarudi kazini akimshukuru Mungu. Wiki moja tu. Akipanda ngazi goti linatoka njia, akibeba boksi la vigae linamwangusha. Ndipo Jenifa, mkewe, akasema basi, sasa hospitali.

Daktari Anyitike Mwasumbi ni bingwa wa upasuaji wa mifupa na majeraha ya michezo. Foleni mlangoni kwake, mwenyewe anasema, haina wachezaji wengi kama watu wanavyofikiri. Wapo wavuvi wa bwawa la Mtera waliochanika mabega kwa kuvuta nyavu. Wapo vijana wa bodaboda wenye nyonga zilizosagika. Na wapo watu kama Bartolomayo, wanaoumia Jumamosi uwanjani kisha Jumatatu wanaurudia mwili uleule wakidai uwaletee ugali.

"Alikuwa na majeraha mawili," anaeleza daktari, ambaye Bartolomayo mwenyewe alimruhusu azungumze. "Kano ya ndani inayofunga goti ilikuwa imekatika. Na kile kimto cha gegedu kinachokaa katikati ya mifupa kilikuwa kimechanika. Kano tulimtengenezea nyingine, tuliichukua kwenye mshipa wa paja lake mwenyewe. Kimto tulikishona."

Upasuaji ulifanyika kwa matundu madogo na kamera, mwezi wa kwanza. Ulikwenda vizuri. Lakini kimto kilichoshonwa hakina haraka, kinaunga polepole, na hakitaki mtu akikunje sana huku amekilalia na uzito wa mwili. Daktari Anyitike alimwambia neno moja, akalirudia mpaka likachosha: usichuchumae, wala usipige magoti, hadi nikwambie mimi.

Bartolomayo alitii. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, akakata kiti cha mbao akakitoboa katikati. Mazoezi alifanya, kifaa cha kufunga goti hakukivua. Aliwaambia wateja wasubiri. "Nilikuwa mgonjwa mtiifu," anasema, na kicheko anachokitoa hakina furaha yoyote.

Sasa hapa, msomaji, lazima turudi nyuma kidogo, maana goti hili lina mkwe ndani yake.

Bartolomayo na Jenifa waliishi pamoja miaka mingi na watoto watatu bila ndoa yao kubarikiwa. Mahari ilikuwa haijaisha. Mzee Stanley Masima, baba yake Jenifa, mkulima wa upande wa Buigiri, alikuwa amepokea sehemu ya ng'ombe, na waliobaki alikuwa akiwasubiri kila mavuno. Kila mavuno kulikuwa na sababu. Kanisani nako Jenifa alikaa benchi la nyuma. Meza ya Bwana hakuruhusiwa kuikaribia, sare ya umoja wa akina mama hakuruhusiwa kuivaa. Wenzake wakipita mbele kuimba, yeye alibaki anawashikia watoto wao.

Hatimaye Bartolomayo alifanikiwa kununua ng'ombe wawili wa kumalizia deni lile. Ndipo goti likavunjika. Ng'ombe wakauzwa, na fedha ikaenda hospitali.

"Unajua maana yake?" anauliza. "Ng'ombe wa mkwe nimewaweka kwenye goti langu."

Watu walitegemea Mzee Stanley awake moto. Hakuwaka. Alimwita mkwewe, akasema ng'ombe atawasubiri, ila ndoa ibarikiwe naye akiwa bado anaona kwa macho yake. Sukari ilikuwa imeanza kumla macho.

Tarehe ikapangwa baada ya Pasaka. Zilikuwa ndoa za pamoja, jozi tano za watu wazima wenye watoto wao, wote siku moja. Bartolomayo na Jenifa walikubaliana mapema kwamba ikifika mahali pa kupiga magoti, yeye atabaki amesimama. Nani angemlaumu mgonjwa? Mchungaji tu ndiye waliyesahau kumwambia. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema.

Asubuhi ile suruali ya suti, tena ya kuazima, ikagoma kupita juu ya kifaa cha goti. Akakivua, akakiacha kitandani.

Kanisa lilijaa hadi nje. Nyimbo, vigelegele, ngoma za akina mama. Maharusi wakapangwa mbele ya madhabahu. Kisha mchungaji akasema, "Pigeni magoti, tuwaombee."

Wanane wakashuka mara moja. Jenifa akashuka. Bartolomayo akabaki amesimama peke yake, mrefu kama nguzo ya umeme, kanisa zima limetulia likimtazama.

"Pale ndipo nilipokufa," anasema. Ameweka mwiko chini sasa. "Benchi la kwanza yuko mkwe wangu, amekodoa macho yake yasiyoona vizuri. Nikawaza, huyu mzee haoni goti. Anaona mtu amesimama. Mtu aliyekula ng'ombe wake, na hata mbele za Mungu hashuki. Nikasema liwalo na liwe."

Akashuka. Goti la kushoto kwanza, polepole. La kulia likafuata, na uzito wote ukaenda nalo.

"Likalia tap. Dogo tu. Lakini nililijua, ni kijiti kilekile."

Mchungaji aliwawekea mikono jozi moja baada ya nyingine, na wao walikuwa wa mwisho. Bartolomayo alikaa juu ya goti lile maombi yote. Machozi yalimwagika hadi kwenye tai. Akina mama walipoyaona wakapiga vigelegele kwa nguvu zaidi, wakisema Roho amemgusa. Mzee Stanley, alipoelezwa kwamba mkwewe analia, naye akalia. Watu wanasema haijapata kutokea ibada tamu kama ile. Ah, jamani.

Alipotakiwa kuinuka hakuweza. Alimshika Jenifa begani, akainuka naye, na watu wakaona ni mapenzi.

Kuanzia hapo Bartolomayo akaanza kuficha. Waswahili walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Alificha wiki nzima, ikawa mwezi, akimeza vidonge vya maumivu vya dukani. Goti lilipoanza kukwama kabisa alirudi kwa Daktari Anyitike na uongo mkononi: eti aliteleza akishuka kwenye gari la kokoto. Uongo huohuo ndio aliomwambia Jenifa.

"Picha ilionyesha nyuzi zimekatika na kipande cha kimto kimepinduka, kimeingia katikati ya mifupa," anasema daktari. "Ndicho kinachofunga goti. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kama alipiga magoti, akasema hapana. Nikaacha."

Kipande kile hakishoneki tena, kimesagika. Kilichobaki ni kukiondoa. Goti litaacha kukwama na maumivu yatapungua, lakini mifupa itakuwa inasuguana bila mto upande ule, na goti litazeeka kabla ya mwenyewe. Kano mpya imepona, afadhali. Ila kuhusu kazi, Daktari Anyitike hakumung'unya maneno. "Nilimwambia, fundi, sakafu zimekwisha. Ukiendelea nazo, ukifika miaka hamsini utanirudia kwa fimbo, na sitakuwa na cha kukupa isipokuwa goti la chuma, kama utalipata."

Mchungaji naye, Bartolomayo alikwenda kumweleza mwezi uliopita. Anasema mtumishi yule alishika kichwa. "Mwanangu, si ungenong'ona tu? Ningewaambia wote wasimame. Mungu anasikia hata waliosimama." Bartolomayo anasema maneno hayo yamemuuma kuliko goti.

Jua limepanda na joto limeanza kuchoma bati. Mwandishi anaomba ruhusa ya kuyaandika haya. Bartolomayo anafuta mikono kwenye suruali.

"Andika," anasema. "Lakini mke wangu mpaka leo anajua ni gari la kokoto. Kila nikitaka kumwambia naona ile sare yake imetundikwa ukutani, mdomo unakuwa mzito. Siku ile ndiyo siku yake kubwa maisha yote. Nitamwambiaje kwamba siku ile ndiyo iliyoniua? Twende nyumbani nimwambie kwanza. Asije akasoma gazetini kama mtu baki."

Nyumbani si mbali, ni nyumba ya vyumba vitatu ambayo wanaimalizia kidogo kidogo. Jenifa anatoka jikoni akijifuta mikono na khanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Bibi mmoja jirani, aliyekuja kuomba moto, anawahi kutusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa!" na Bartolomayo anamwitikia kabla hajaingia ndani akiburuta mguu. Sare iko kweli ukutani, imepigwa pasi.

Ndani, sebule karibu yote ni saruji tupu. Ndiyo hivyo, nyumba ya fundi. Pembeni limelundikwa rundo la vigae, hakuna rangi mbili zinazofanana: mabaki ya kazi za watu, aliyoyaomba moja moja na kuyabeba nyumbani miaka yote. Alimwahidi Jenifa sakafu.

Anakaa kwenye kiti, mguu mbele. "Mama Zipora," anaanza, Zipora akiwa binti yao wa kwanza, "kuna jambo. Lile goti. Si gari la kokoto."

Jenifa anamtazama.

"Ni kanisani. Siku ile ya kubarikiwa. Nilipopiga magoti ndipo..."

"Najua, baba Zipora," anasema Jenifa.

Nje mbuzi analia.

"Nilikuwa kando yako. Bega langu na lako yamegusana. Nililisikia," anasema. "Halafu ukaniegemea kuinuka, nikausikia uzito wako. Mtu mwenye furaha haegemei vile."

"Na muda wote huu umenyamaza?" anauliza Bartolomayo.

"Ningesema nini? Ulitaka niwe na siku yangu. Ningesema nimelisikia, ungekuwa umelivunja bure." Anakaa chini kwenye mkeka, anavuta khanga magotini. "Lakini nami nina langu, acha niliseme mgeni akiwepo, pengine sitapata ujasiri mwingine. Uliposimama peke yako pale, ningekushika mkono. Ningesema kwa sauti, huyu ni mgonjwa. Mdomo ninao. Sikusema. Baba alikuwa anatazama, na mimi nilitaka ushuke. Mungu anisamehe, nilitaka ushuke kama waume wa wenzangu."

Analia sasa, bila kujificha. Bartolomayo anamtazama mkewe, kisha anatazama ukuta. Mwandishi anajikuta anasoma kalenda ya mwaka uliopita iliyobandikwa mlangoni, kwa kukosa pa kupeleka macho.

"Basi," anasema Bartolomayo. "Basi, mama Zipora. Tulishuka wote."

Upasuaji wa pili uko mwezi ujao. Safari hii hakuna ng'ombe wa kuuza. Mafundi wenzake wamechanga, Hanif ameongezea, na Mzee Stanley, ambaye sasa haoni kabisa, ametuma mbuzi wawili bila kuulizwa. Hajaambiwa kisa cha madhabahuni, gazeti hawezi kulisoma, na wote wawili wameapa hataambiwa. Anaposikia goti la mkwewe linasumbua husema tu vijana wa siku hizi wanapenda mno mpira.

Baada ya hapo Bartolomayo ana mpango, na anauzungumzia kama mtu anayejaribisha kiatu kisichomtosha. Ataacha sakafu. Atabandika kuta tu, za jikoni na bafuni, kazi ya kusimama. Kuta ni chache na malipo yake si haba lakini hayafiki mbali, maana nyumba moja ina sakafu nyingi kuliko kuta za kubandika. Akilizungumzia hilo anatabasamu nusu. "Beki akizeeka anapelekwa golini," anasema. "Atafanyaje? Si bado yuko uwanjani."

Sakafu moja tu ndiyo inayomkosesha usingizi, nayo ni hii ya sebuleni kwake. Aliiahidi kabla ya mahari, kabla ya watoto. Sasa ameambiwa hataweza tena.

Jenifa ameshafuta uso. Anainuka, anakwenda kwenye rundo la vigae, anachagua cha rangi ya udongo, anakirudisha, anachukua cheupe. Ndoo ipo pembeni, anakoroga saruji kidogo. Kumbe siku hizi jioni wamekuwa wakifanya kazi hii, yeye akitandika, mume akielekeza kutoka kitini. Mstari wa kwanza, pale ukutani, umepinda waziwazi. Wa pili umepinda kidogo.

Anashuka, goti moja, goti la pili, anaweka kigae.

"Gonga kona ya mlangoni," anasema Bartolomayo. "Taratibu. Sasa weka pimamaji."

"Hivi utafika mlangoni lini, mama?" mwandishi anauliza, kwa kutaka tu kusema kitu. "Sebule nzima, peke yako?"

Jenifa anapiga nyundo mara moja, anatazama kiputo cha pimamaji kikitulia katikati.

"Siku ile tulipiga magoti manne," anasema. "Yamebaki matatu. Yatatosha."

Bartolomayo anainama kitini, ananyoosha mkono hadi kwenye rundo, anamsogezea kigae kingine.